Lango Lisilo na Kufuli

Masoro, Kigali
2 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Thomas, yule dereva wa roli anayeshusha mizigo huku kwetu na kulala hapo Benako akirudi. Nimekubali yaishe. Kama simu ni ya wenye masikio yanayosikia, na macho yako hayapatani na vioo vyake, basi nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Tutaandikiana mpaka liishe.

Nina habari, ila kaa kwanza. Nimeacha kazi ya kliniki. Sitibu tena mbwa wa matajiri wenye vitanda vizuri kuliko changu. Nimeajiriwa na shirika moja kufundisha watu kuokoa mifugo wakati wa mafuriko na maporomoko, na kuitunza mpaka maji yashuke. Najua unavyokunja uso sasa hivi. Endelea kusoma.

Hapa chini ya Masoro kuna bonde. Mwaka jana, itumba, yaani masika yao, maji yalipanda mchana kweupe. Watu wote wakapandishwa juu, wakahesabiwa, wakapewa uji. Mzee mmoja akamkumbuka ng'ombe wake. Akachomoka kimyakimya, akarudi bondeni. Walimkuta siku ya tatu, amekufa. Ng'ombe wake walimkuta hai, amekwama migombani, anakula majani. Mjane anaitwa Spès, na ng'ombe anaitwa Bihogo, na wanaishi pamoja palepale bondeni.

Kwa hiyo, Baba, shirika limegundua jambo ambalo wewe ungelisema bila semina: mtu aliyeacha mnyama wake kwenye maji hajaokolewa bado. Nimepewa ghala tupu lenye ua mkubwa juu ya kilima, wanafunzi ishirini wa kujitolea, na familia thelathini na saba zenye ng'ombe. Itumba inaanza mwezi wa tatu. Nilimwuliza Spès atafanyaje maji yakija tena. Akanijibu, "Mimi siendi bila ng'ombe yangu. Wakitaka wanibebe, nitawauma."

Nisipoliweza hili kabla ya mvua, tutazika tena. Wewe ulikuwa bwana mifugo miaka kumi na minane. Nifundishe kuwatoa ng'ombe haraka.

Binti yako,
Flaviana


Benako
9 Februari 2025

Flaviana,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa macho na ya pili kwa hasira. Nilikupeleka chuo Morogoro miaka mitano ili uvae koti jeupe. Leo unaniambia kazi yako ni kubeba mbuzi mgongoni kwenye matope! Mama yako, Mungu amrehemu, angecheka. Mimi sicheki.

Siipendi hiyo kazi. Maji na mifugo ni mambo ya kukaa nayo mbali. Rudi kwa mbwa wako wenye vitanda.

Lakini kwa kuwa hukuniuliza kama naipenda, na kwa kuwa mwana wa mhunzi asiposana hufukuta, nakujibu ulichouliza. Ng'ombe hawatolewi mmoja mmoja. Katika kila kundi kuna jike kiongozi. Mtafute. Si mkubwa kuliko wote, ni yule ambaye wengine humpisha kwenye maji. Fungua mlango, mtoe huyo, simama pembeni, piga mluzi. Wengine watamfuata kama waumini wakitoka misa ya pili. Usivute kamba. Anayevuta ng'ombe anavutwa yeye.

Thomas asikae tena na barua yangu siku mbili mfukoni. Imenuka dizeli.

Baba yako,
Protas


Masoro, Kigali
23 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Jana umeniaibisha mbele ya mudugudu, yaani mtaa mzima.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Watu walishamaliza kuzibua mifereji, majembe yameegeshwa, nikaomba dakika ishirini kwa Gakwaya, mkuu wa mudugudu. Nikasimama kama profesa. Nikawaambia mafundisho haya yametoka kwa baba yangu, bwana mifugo wa Karagwe, mtu wa ng'ombe tangu tumboni mwa mama yake. Nikamchagua Bihogo awe kiongozi. Tukafungua milango ya mabanda tisa kwa mpigo mmoja. Nikasimama pembeni. Nikapiga mluzi.

Baba, hakutoka hata mmoja.

Walisimama ndani wanautazama mlango kama vile kuna mtu anawadai huko nje. Nikapiga mluzi tena. Bihogo akacheua. Watoto wakaanza kunisaidia mluzi, ikawa kama uwanja wa mpira. Kijana wangu mmoja aliyevuta kamba alivutwa yeye, hapo tu ulisema kweli. Gakwaya alicheka mpaka akavua kofia.

Spès ndiye alinihurumia. Alinishika mkono akasema, "Binti yangu, ng'ombe ya kwenu inatembea. Ya kwetu iko kwa nyumba tu, kama bibi harusi. Majani inaletewa. Maji inaletewa. Itaenda wapi?"

Nikataka ardhi inimeze. Nimeishi Rwanda miaka sita, kila siku napita wanaume wenye mafungu ya majani kwenye baiskeli, na sikujiuliza kitu. Hapa ng'ombe hachungwi, anafugwa bandani. Anazaliwa humo, anazeeka humo. Wewe na mimi tulileta akili ya ng'ombe wa Karagwe kwa ng'ombe ambaye hajawahi kuiona barabara. Hana kiongozi kwa sababu hana safari.

Nifanyeje? Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima Jali.

Flaviana uliyemponza


Benako
2 Machi 2025

Flaviana,

Marahaba. Sawa, nimekosea. Andika tarehe hiyo ukutani.

Nimelala nikiwaza hao mabibi harusi wako. Ng'ombe asiyejua njia hafukuzwi, hufundishwa, na mwalimu wake ni tumbo. Sikiliza. Kitu kitamu kuliko vyote, chumvi ya mawe na maganda ya ndizi mbivu, asipewe tena bandani. Apewe juu tu, kwenye ghala lako. Siku ya kwanza mpeleke hatua kumi umrudishe. Siku ya pili ishirini. Mwenye ng'ombe amwongoze mwenyewe, amwite jina, wala wewe usimguse. Wewe ni mgeni kwake, hata ukiwa na shahada. Baada ya mwezi mmoja hutamtoa bandani, utamzuia.

Na hao wanadamu uwafundishe vilevile. Mguu unaoijua njia hauulizi wakati wa hofu.

Jambo jingine. Thomas ni mbeya. Akikwambia kwamba nimeisoma barua yako ya mluzi kwa sauti pale kwa wauza ndizi, ujue ni mwongo. Niliisoma kwa sauti kwa sababu sijisikii nikisoma kimya.

Baba yako,
Protas


Masoro, Kigali
30 Machi 2025

Baba yangu, bwana mifugo wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Laiti ungekuwepo jana. Umuganda umekwisha, Gakwaya akapuliza filimbi, na kutoka bondeni wakapanda. Ng'ombe thelathini na saba, kila mmoja na mwenyewe mbele yake, Bihogo wa kwanza, shingo imenyooka, amevaa ushanga aliomfungia Spès. Dakika kumi na nane kutoka chini hadi langoni. Mara ya kwanza ilituchukua saa tatu na ng'ombe mmoja akaketi katikati ya barabara kama askari wa trafiki. Sasa wanakimbilia maganda ya ndizi mpaka tunawapisha njia. Mama mmoja ameniambia ng'ombe wake humwamsha Jumamosi alfajiri kwa kupiga teke mlango.

Vijana wangu wamekuwa mafundi. Wanajua kumfunga mbwa mdomo kwa utepe bila kumwumiza, kuwafunika kuku kikapu ili watulie, kutosimama nyuma ya ng'ombe aliyeogopa, na kuandika jina la mnyama pamoja na la mwenyewe kabla hajapita langoni. Mbuzi na ndama tunawabeba kwa mbeleko. Ndiyo, mbeleko! Zinashonwa kwa turubai na Yasmina, fundi cherehani wa Biryogo. Amefunga Ramadhani nzima huku anashona, na kila nikienda ananiuliza mtoto wangu ana miguu mingapi.

Sasa zawadi yako. Wiki mbili zilizopita wezi waliingia ghalani, wakabeba magunia mawili ya pumba na kamba zetu. Nikaenda soko la Kimironko, nikanunua kufuli kubwa kuliko ngumi yangu. Nimelifunga langoni na ufunguo ninao mimi peke yangu. Na unajua nimeliitaje? Bwana Kufuli!

Nimewasimulia vijana. Nilikuwa na miaka saba, kwenye matanga ya shangazi Karagwe, watoto wakanikataa mchezoni wakisema huyu ni mtoto wa Bwana Kufuli. Nikaja kwako nalia. Ukaniambia wananiita hivyo kwa kuwa hakuna kitu kilichowahi kupotea chini ya ufunguo wako. Kuanzia siku ile nililitembeza jina hilo kifua mbele. Jana vijana wote walilipigia makofi. Kazi yangu inalindwa kwa jina lako, Baba. Sasa uniambie kama bado huipendi.

Mtoto wa Bwana Kufuli,
Flaviana


Benako
6 Aprili 2025

Flaviana,

Ondoa hilo kufuli. Leo.

Protas


Masoro, Kigali
10 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo.

Thomas alinipa barua yako huku anatazama viatu vyake. Nikadhani umefariki. Kumbe ni maneno manne, hakuna hata marahaba.

Nimekukosea nini? Nimekutumia furaha yangu yote kwenye karatasi mbili, umenirudishia amri, kama vile mimi ni mlinzi wako wa josho. Wezi walikuja, Baba. Pumba ikiibwa, ng'ombe hawapandi. Ghala ni la watu, nimekabidhiwa kwa sahihi yangu. Gakwaya mwenyewe amesema kufuli libaki. Ningekuwa mtoto wa kiume ungenieleza sababu.

Wiki hii ni ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, mji umetulia, hatufanyi mazoezi. Mvua imenyesha siku nne. Nimekaa na barua yako mapajani, na nimeamua: sitaliondoa kwa sababu umesema tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, utasema. Haya, mkuu na aseme basi, nisikie. Umeamuru tu, hujaeleza.

Kama ni kwamba bado unaionea aibu kazi yangu, andika hivyo hivyo, nitaelewa.

Flaviana


Benako
15 Aprili 2025

Mwanangu Flaviana,

Marahaba. Marahaba na ile ya barua iliyopita, niliyokunyima.

Sijawahi kuionea aibu kazi yako. Nimeiogopa. Sasa nakueleza, na ukishasoma utaamua mwenyewe kama bado una baba.

Mwaka wa mvua za El Niño ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa Karagwe, kata ile ya bondeni. Ukaja ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe. Nilikusanya ng'ombe hamsini na wawili walioshukiwa, nikawatia kwenye boma la karantini kando ya mto, kwa sababu palikuwa na maji na sikutaka kazi ya kuyabeba. Nikafunga lango kwa kufuli la serikali. Mlinzi nikamwambia: hakuna anayefungua isipokuwa mimi. Nilikuwa mkali, Flaviana. Nilipenda kuogopwa.

Jumamosi nikaenda Bukoba, arusi ya binti wa mkubwa wangu. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni mwa koti. Mvua ikanifunga huko siku mbili. Nilikula pilau, nikacheza muziki, ufunguo unagonga ubavuni.

Mto ulifika bomani Jumapili mchana. Mlinzi alikimbia. Wenye ng'ombe walisimama kilimani wanatazama. Mmoja hakuweza kutazama. Anakleti Rutaihwa, alikuwa na ng'ombe watatu mle, ndio mahari ya mwanawe na ada ya shule na kila kitu. Alishuka na sururu kulivunja kufuli. Wanasema alilipiga mpaka mpini ukakatika. Halikufunguka, lilikuwa kufuli zuri. Maji yakamchukua yeye na ng'ombe wote hamsini na wawili.

Nilirudi Jumatatu. Nililikuta lango limesimama, limefungwa vizuri, na nyuma yake hakuna kitu.

Ndipo nikaitwa Bwana Kufuli. Haikuwa sifa. Na mimi nikamwambia mtoto wa miaka saba anayelia kwamba ni sifa, kwa sababu sikuweza kusema kingine huku unanitazama hivyo. Sikustaafu kwa ajili ya masikio kuziba, kama nilivyokwambia. Niliacha kazi, tukahamia Benako ambako hakuna anayenijua. Mchuma janga hula na wa kwao, ndiyo maana ulikulia mbali na jamaa zako.

Uliposema umeliita kufuli lako jina langu, na vijana wamepiga makofi, nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba. Siku nzima niliandika nikichana. Yaliyobaki ndiyo yale maneno manne.

Pumba ikiibwa, iibwe. Watu walinde kwa zamu. Lakini lango la kukimbilia lisingoje mtu mmoja, hata akiwa mwanangu, hata akiwa mzuri kuliko mimi. Wewe nawe siku moja utakuwa arusini.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo. Ni uleule. Nimeubadilisha mfuko kwa mfuko miaka ishirini na saba. Ufanye utakavyo.

Baba yako, ukitaka,
Protas


Masoro, Kigali
24 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la pumba, miguuni nina mbwa watatu, na kuna mbuzi anayeitafuna pembe ya daftari. Ukiona karatasi imeliwa, ni yeye.

Nianze kwa mpangilio. Barua yako ilinifika Jumamosi. Niliisoma ghalani, mlango nimeufunga. Nililia kwa ajili ya Anakleti, nikalia kwa ajili yako ukiwa arusini hujui. Halafu nikanyanyuka, nikaenda langoni, nikalitoa kufuli. Tumeweka komeo la mti ambalo hata mtoto analivuta. Gakwaya alinung'unika, nikamwambia baba amesema. Akauliza, yule wa mluzi? Nikasema, huyohuyo. Akapanga watu wa irondo, wale wa doria, wawe wanapita kwa zamu.

Jumanne nilikwenda Biryogo kuchukua mbeleko kumi za mwisho. Yasmina alikuwa ananiwekea chai. Saa nane kasoro mvua ikashuka, si mvua ya kuitwa mvua. Kichochoro kikawa mto, tukawa tunainua vitambaa juu ya meza. Simu ikalia. Gakwaya: "Flaviana, maji iko inapanda bondeni. Uko wapi?"

Niko wapi! Nilikuwa upande wa pili wa Kigali, Baba. Nikatoka mbio na mbeleko kichwani. Hakuna pikipiki iliyokubali kunibeba. Nikapata gari, likakwama kwenye foleni, maji yamefika kwenye vitasa. Simu ya Gakwaya ikazimika. Nikatia mkono mfukoni, na mfukoni kulikuwa na ufunguo mmoja tu, wako. Hapo ndipo nilipokuelewa. Kama ile Jumamosi ningekaidi, lango lingekuwa limefungwa, watu na ng'ombe wao wamesimama barabarani kwenye mvua, wengine wanarudi chini, na mimi Biryogo na ufunguo. Niliushika njia nzima.

Nilifika saa kumi na moja na nusu, nimelowa, viatu nimeviacha kwenye matope. Bonde lilikuwa ziwa. Mabanda yalionekana mapaa tu. Nikapanda kilima nikikimbia, nimejiandaa kwa kilio.

Lango lilikuwa wazi.

Ndani walikuwa ng'ombe thelathini na saba, wote, wamefungwa kwa safu kama tulivyofundishana, wanakula maganda. Mbuzi upande wao, kuku kwenye vikapu, mbwa pembeni mbali na mbuzi, mdomo umefungwa kwa utepe yule mkali peke yake. Vijana wangu walikuwa na daftari mlangoni, majina yote yameandikwa, ya wanyama na ya watu. Mbeleko zilizokuwepo hazikutosha. Kijana mmoja alimpandisha ndama kwa kitenge cha mama yake. Familia thelathini na saba, hakuna mtu aliyekosekana. Baba, rudia kusoma: hakuna mtu aliyekosekana.

Na Spès? Ndiye aliyefungua. Gakwaya hakuwa hata ametafuta filimbi, Spès alishamwita Bihogo na kutoka. Wenzake walipomwona anapanda, wakafuata. Kumbe kiongozi wa kundi alikuwepo siku zote, mimi nilikuwa nautazama upande wa ng'ombe. Nilimkuta ameegemea ubavu wa Bihogo, amejifunika khanga, anakula uji. Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Umechelewa, mwalimu. Kazi yako imeisha."

Nilikaa chini nikacheka mpaka nikalia. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama kuchelewa kwangu. Hawakunihitaji! Hiyo ndiyo shahada yangu, Baba, na wewe ndiye uliyeniwekea sahihi.

Bado nina baba. Usiniulize tena.

Wamekuja watu wa wilaya, wanataka kuona, wanataka mabonde mengine mawili yafundishwe hivi. Wameniuliza kwa nini lango letu halina kufuli. Nikasema nitawajibu nikipata ruhusa. Ruhusa ni yako. Ukikataa, nitasema tumekosa hela ya kufuli.

Ufunguo ninao. Siutupi wala siurudishi. Mimi nitaubeba sasa, wewe umechoka.

Mwanao,
Flaviana


Benako
5 Mei 2025

Mama yangu Flaviana,

Marahaba. Mbuzi wako amekula sehemu ya wanaohesabiwa, lakini "hakuna mtu aliyekosekana" hakuigusa. Ana adabu.

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilisafiri. Nilipanda basi la Karagwe. Umesoma vizuri. Sijapanda basi hilo tangu matanga ya shangazi yako, na hata siku ile nilikaa na kofia usoni.

Nilikwenda kwa Mama Koleta, mjane wa Anakleti. Yu hai, amepinda mgongo, ana wajukuu ua mzima. Alinijua nikiwa bado njiani. Hakuniambia ingia, hakuniambia toka. Kama aliniambia kingine, masikio yangu hayakukipata. Nikavua kofia, nikakaa kwenye mawe ya mlangoni, nikatoa barua yako. Niliisoma yote kwa sauti. Ya mvua, ya foleni, ya ufunguo mfukoni, ya komeo la mti. Nilipofika kwa Spès nilishindwa, mjukuu wake akanipokea karatasi akaimalizia. Sikumsikia, lakini nilikuwa naiona midomo yake, najua kila neno lilipo.

Nikamwambia Mama Koleta: lango lile limebaki wazi kwa sababu ya mumeo. Si mimi niliyelifungua. Ni yeye, kwa sururu yake. Limechelewa miaka ishirini na saba, lakini limefunguka, na wametoka hai.

Kisha akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi, nikavaa kofia. Akatoka na kikapu kidogo, akaniwekea kahawa ya kutafuna kiganjani. Wewe umekulia Benako, labda hujui uzito wake. Kwetu mtu asiyekubaliwa hatiwi kahawa mkononi. Nilitafuna huku machozi yananitoka kama mtoto, na yule bibi ananitazama nitafune vizuri.

Kwa hiyo ruhusa unayo. Waambie watu wa wilaya, na vijana wako, na mabonde yote mawili. Taja jina la Anakleti Rutaihwa kwanza, langu baadaye. Usilipambe.

Thomas atanichukua Jumatatu ijayo. Nataka kumwona huyo Bihogo, na huyo Gakwaya anayecheka mluzi wa watu. Nataka niwaone wakipanda. Nikifika langoni usinitambulishe kwa cheo chochote. Wakiuliza, sema ni baba yake Flaviana. Hapa kwa wauza ndizi wameshaanza kuniita hivyo, na nageuka hata kabla hawajanigusa bega.

Mama Koleta aliniuliza kwa ishara una umri gani, kisha akanifungia punje mbili zaidi za kahawa kwenye karatasi. Sijazila. Ni zako.

Baba yako,
Protas